Jembe la shule

Najua nimepotea, zamu za usiku zimenibana kwelikweli.

Juzi dada kanipigia simu kachachamaa. Mwanawe wa darasa la nne kaambiwa aende shule na jembe. "Nimempeleka kusoma, sijampeleka kibarua!" Mama akadakia pembeni: mbona nyie mlibeba maji, fagio na samadi, na hamkufa? Nikasema nitaandika, maana kila mmoja ana haki yake kidogo.

Jembe hilo lina historia. Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Shule tulizorithi kwa mkoloni, alisema, zilimfundisha mtoto kujiona yeye ni bora kuliko wazazi wake wakulima. Na wakati ule, katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, kama 13 tu ndio waliopata nafasi ya sekondari. Wale wengine 87 je? Ndiyo maana akataka shule ya msingi iwe elimu kamili yenyewe, si ngazi ya kuwavusha wachache. Kila shule iwe na shamba au kazi yake ya kuzalisha, na mtoto ajifunze kushirikiana, kuuliza na kujiamini.

Sasa hapa ndipo watu wengi husahau. Mwalimu hakutaka watoto wawe vibarua. Alitaka wao na walimu wapange kazi pamoja, waone mapato, washiriki kuamua yatumikeje. Shamba lenyewe lilikuwa somo la kujitawala!

Kilichotokea mnakijua. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Madarasa yakafurika, waliomaliza la saba wakapewa mafunzo ya haraka wakawa walimu. Kwa idadi ile, nani angepata muda wa kukaa na watoto kupanga bajeti ya mahindi? Ikabaki kulima tu.

Mimi nilisoma miaka mingi baadaye, na shule yangu siitaji. Tulilima, tukapalilia, tukavuna, gunia hatukujua limekwenda wapi. Ukichelewa namba, adhabu yako ni shambani. Yaani kazi ile ile ya kujivunia ndiyo iliyokuwa fimbo. Tukajifunza nini hapo? Kwamba kilimo ni adhabu.

Huku Uingereza, shuleni kwa mwanangu kila darasa huchagua wawili wa kuwasemea kwenye baraza la watoto. Mwaka jana walijadili vifaa vya uwanjani, wakapewa kiasi cha pesa, wakalumbana, wakapiga kura. Nilicheka peke yangu, maana hayo yaliandikwa kwetu 1967. Ila kufagia darasa hajui, kuna mtu analipwa. Na sahani yake anaiacha mezani kama mgeni wa heshima...

Kwa hiyo dada, mwache mtoto aende na jembe. Wewe nenda kwenye kikao cha wazazi, ukaulize watoto wanashirikishwaje na mavuno yanakwenda wapi. Ukijibiwa vibaya nipigie, ila si kabla ya saa kumi jioni, nitakuwa nimelala. Na mama, samadi ile ilikuwa nzito, usinibishie!