Kanga ya Uzazi: Stara ya Mama Anayejifungua Baina ya Historia na Fiqhi

  

Ndugu msomaji, yako maswali ambayo mwanamke huona haya kumuuliza imamu, na imamu naye huona haya kuyasomeshea darsa. Matokeo yake ni kwamba swali hubaki uwani, likajibiwa kwa mazoea. Moja katika hayo ni hili: mama wa Kiislamu avae nini siku ya kujifungua? Wapo wanaoliona dogo. Lakini mwenye kuishi Temeke, Mbagala, Manzese au Mwananyamala anajua kuwa hofu ya kuvuliwa nguo mbele ya watu ni miongoni mwa mambo yanayomfanya mama achelewe kutoka nyumbani uchungu ukiwa umekwisha kumshika. Kuchelewa huko kunaweza kumpoteza yeye au mtoto wake. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Basi nasi tusizuiwe na haya.

NGUO YA UZAZI KATIKA ZAMA ZA MTUME

Qur'ani yenyewe imetusimulia uzazi wa Bibi Maryam (A.S.). Katika Sura yake, aya ya 22 mpaka ya 26, tunamwona amejitenga mahali mbali na watu, uchungu ukamfikisha kwenye shina la mtende, akaruzukiwa maji na tende, akaambiwa atulize moyo. Tunachojifunza ni kwamba stara ya mzazi huanzia mahali kabla ya kufika kwenye nguo. Kutengwa na macho ya watu, kupata maji na kuliwazwa ni katika rehema za Mola kwa mwanamke mwenye uchungu.

Kisha tunayo habari ya Bibi Asmaa bint Umays (R.A.), mke wa Abubakar Swiddiq. Mwaka wa 10 Hijria, msafara wa Hija ya kuaga ulipofika Dhul-Hulayfa, alijifungua mtoto wake Muhammad. Akatuma kumuuliza Mtume (S.A.W.) afanye nini. Katika Hadithi ndefu ya Jabir aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume alimwelekeza aoge, ajifunge kitambaa cha kuzuia damu, kisha ahirimie. Mama yule hakuambiwa arudi Madina, wala hakuonekana ni mwenye kutia aibu msafara. Alielekezwa jinsi ya kujifunga nguo, akaendelea na ibada ambayo hali yake haikuizuia.

Kuhusu nguo za siku za damu, Bukhari amepokea kwa Bibi Ummu Salama (R.A.) kwamba alipoingia hedhini alikwenda akavaa nguo zake za hedhi. Na amepokea pia kwa Bibi Aisha kwamba kulikuwa na wakati ambao mmoja wao hakuwa na nguo zaidi ya moja, damu ikiipata huiondoa. Wanachuoni wameziona riwaya hizi mbili hazipingani: moja inaeleza wakati wa dhiki na nyingine wakati wa wasaa. Mwenye uwezo atenge nguo maalumu, na asiye nazo asilaumiwe, asafishe aliyo nayo.

KUTOKA KANIKI HADI KANGA

Tukirudi pwani yetu, nguo za wanawake katika karne ya 19 zilieleza daraja zao. Merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichokuja kwa majahazi na merikebu kutoka Marekani, na kaniki, iliyotiwa rangi ya nili hadi kuiva, zilikuwa nguo za watumwa na watu wa kazi. Kuelekea mwisho wa karne hiyo ikaenea kanga Unguja, Mombasa na Mrima. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922, wanawake waliokuwa watumwa na wajukuu zao waliiacha kaniki wakavaa kanga, na wengine wakavaa buibui. Kwao kujisitiri ilikuwa pia kutangaza uungwana ambao waliwahi kunyimwa. Tusisahau jambo hili tunapomzungumzia mwanamke wa uswahilini na kanga yake.

Kanga ikaingia katika uzazi kuliko nguo nyingine yoyote. Sababu zake ni nyepesi: ni pamba, hunyonya damu na jasho, hufulika na kuchemshika, hukauka upesi juani, na doti moja huwa na vipande viwili, kimoja kikivaliwa kingine kikitandikwa. Mtoto hupokewa kwa kanga, hufunikwa kwa kanga, hubebwa kwa mbeleko ya kanga. Mama hufungwa tumbo kwa mkaja. Hata katika mahari, mkaja na ubeleko ni majina ya hidaya anayopewa mama wa bibi harusi, kwa kukumbuka nguo iliyomfunga tumbo alipozaa na nguo iliyombebea mwanawe. Basi lugha yetu imehifadhi heshima ya nguo ya uzazi mpaka ndani ya posa.

Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilianza kazi Ubungo kwa msaada wa China, sehemu ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa ndani ya wilaya ya Kinondoni. Kikatoa khanga na vitenge, na kanga ikazidi kuwa nguo ya kila nyumba jijini.

KUTOKA CHUMBANI KWA MKUNGA HADI WODINI

Zamani mama wa pwani alijifungua chumbani, kwa mkunga, akizungukwa na mama yake, shangazi na majirani wanawake. Stara ilikuwa katika kuta na katika watu. Mwanamume hakukaribia mlango. Suala la mavazi halikuwa na uzito kwa kuwa aliyemwona mzazi alikuwa mwanamke mwenzake, tena mtu wake.

Hospitali zilipokuja, mambo yalibadilika polepole. Mwaka 1897 Wajerumani walifungua hospitali ya Ocean Road kwa ajili ya Wazungu, na fedha za Sewa Haji, tajiri wa Kiismaili wa Bagamoyo, zikasaidia kujengwa hospitali ya Waafrika na Wahindi. Mwaka 1956 ikafunguliwa hospitali ya Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za Waafrika Ilala, Magomeni na Temeke, jiji likatanuka, na baadaye hospitali za Mwananyamala, Temeke na Amana zikawa ndizo mahali pa kuzaliwa watoto wengi wa mji huu.

Mabadiliko haya yameokoa maisha, na hatuna budi kuyashukuru. Kwa mujibu wa takwimu za taifa za afya ya uzazi, waliojifungulia katika vituo vya afya nchini walikuwa asilimia 47 katika utafiti wa mwaka 2004/05, na wakafikia asilimia 81 katika ule wa mwaka 2022. Lakini kuta za chumba cha mkunga hazikuhamia wodini. Wodi ni ya watu wengi, vitanda vimekaribiana, na anayehudumu anaweza kuwa mwanamume. Hapo ndipo nguo ilipopata uzito ambao haikuwa nao zamani, kwa kuwa sasa kanga ndiyo ukuta.

HUKUMU: STARA NA DHARURA

Fiqhi haikumwacha mama huyu bila mwongozo. Kanuni mashuhuri ni kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, na kanuni ya pili, ambayo wengi huisahau, ni kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Kwa kanuni ya kwanza, mkunga au daktari anaruhusiwa kuona na kugusa kinachohitajika ili kumhudumia mzazi. Kwa kanuni ya pili, kisichohitajika kinabaki katika hukumu yake ya asili. Anayepimwa presha anahitaji kufunua mkono, na anayesikilizwa mapigo ya moyo wa mtoto anahitaji kufunua tumbo. Hakuna hitajio la kumwacha wazi kuanzia kifuani mpaka miguuni baina ya kipimo kimoja na kingine. Wala hakuna hitajio la kuvua ushungi wake iwapo kichwa hakihusiani na huduma.

Jopo la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha 8 kilichofanyika Bandar Seri Begawan, Brunei, mwaka 1993, liliweka utaratibu huu: akipatikana tabibu Mwislamu mwanamke mwenye ujuzi, yeye ndiye atangulizwe. Asipopatikana, mwanamke asiye Mwislamu aliye mwaminifu. Asipopatikana, mwanamume Mwislamu, kisha mwanamume asiye Mwislamu. Atazame kwa kiasi cha haja tu, na awepo mahram, mume au mwanamke mwaminifu ili pasiwe na faragha iliyokatazwa. Hata hivyo msomaji asifahamu kwamba mama mwenye kutokwa damu nyingi angoje mpaka apatikane mwanamke. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya Sharia, na anayekuwepo ndiye wa kumwokoa.

Kuhusu mume kuingia wodini, yeye kumwona mkewe si tatizo. Tatizo ni akina mama wengine waliolala humo. Pasipo na mapazia wala vyumba vya faragha, mwanamke mwaminifu ndiye anayefaa kumsindikiza mzazi. Shirika la Afya Duniani nalo, katika miongozo yake ya mwaka 2018, limesisitiza faragha, heshima na mwenza wa kumsindikiza mama anayejifungua. Hivyo mama anayeomba afunikwe haombi kitu kigeni katika taaluma ya tiba.

KANGA YENYE JINA LA MWENYEZI MUNGU

Tunafika kwenye suala ambalo ni letu watu wa pwani. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kanga zimekuwa zikiandikwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kilatini. Nyingi hubeba dua, shukrani au methali yenye kumtaja Mwenyezi Mungu. Je, inafaa kanga hiyo kutandikwa chini ya mzazi au kupanguzia damu?

Wanachuoni wamekubaliana juu ya wajibu wa kulitukuza jina la Mola na kuliepusha na najisi. Anaweza kusema msemaji kwamba neno "Mungu" ni la Kiswahili, wala si lafudhi ya Qur'ani. Tunasema kuwa heshima inafuata maana, na msomaji wa Kiswahili anapoliona neno hilo hamfahamu mwingine ila Mola wake. Basi iliyo salama ni kuzitenga kanga hizo, zikavaliwa siku nyingine, na za kutandika na kupokelea damu zikawa zile ambazo maandishi yake hayana jina tukufu. Lakini ikiwa mama ameshikwa ghafla na hana nyingine, hana dhambi, maana hakukusudia kudharau. Ataifua itakapowezekana.

DAMU, NGUO NA SWALA

Kosa kubwa tunaloliona ni kudhani kuwa uchungu ukianza tu, Swala imeondoka. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, nifasi ni damu inayotoka baada ya kizazi kutoa kilichomo, hata wakiwa mapacha ni baada ya wa pili. Damu inayotoka pamoja na uchungu kabla ya hapo si nifasi, isipokuwa imeungana na hedhi iliyotangulia. Vilevile maji yanayotoka chupa inapopasuka. Mama huyo atajisafisha, ajifunge, atawadhe baada ya wakati kuingia, aswali kwa namna anayoweza, kwa kukaa au kwa kulala. Akishindwa kabisa, atalipa. Mahanbali wao huihesabu kuwa ni nifasi damu inayotangulia uzazi kwa siku mbili au tatu ikiwa na dalili za uchungu. Imamu awaeleze watu kwa upole, wala asimhukumu aliyefuata kauli hiyo.

Ndiyo maana tunashauri mama afungashe vazi moja safi kwa ajili ya Swala, likae mbali na kanga za kujifungulia. Kanga za mtoto nazo ziwe safi na kavu: moja ya kumkaushia, nyingine ya kumfunika akiwa kifuani mwa mama yake. Vazi la mama liwe pana, lenye kufunguka mbele kwa ajili ya kunyonyesha, lisilobana wala kuangaza.

Tena arobaini si sharti. Kwa Mashafii nifasi inaweza kuwa muda mdogo tu, aghlabu ni siku 40, na mwisho ni siku 60. Damu ikikatika siku ya 15, mama ataoga na kuswali.

WAJIBU WETU

Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwasamehe wajawazito gharama za huduma, lakini mama bado hubeba kanga zake kwenda kujifungua, na mara nyingi glovu na pamba pia. Wapo wasio na doti ya pili. Misikiti yetu inayokusanya sanda kwa ajili ya maiti inaweza kukusanya kanga kwa ajili ya wazazi. Maiti husitiriwa kwa fardhi ya kutosheleza, na aliye hai ana haki zaidi ya stara. Kusomesha mabinti ukunga na utabibu ni fardhi ya namna hiyohiyo, kwa kuwa huwezi kudai mkunga Mwislamu ilhali umemzuia binti yako asisome.

Tunawausia maimamu wa Kinondoni, Temeke na kwingineko: fungueni darsa hizi, muwape wake zenu na walimu wa kike wazifikishe kwa akina mama. Aende hospitali mapema, avae kanga yake, ajue haki yake na mipaka yake. Mwenyezi Mungu awasitiri mama zetu duniani na Akhera, na awajaalie wepesi katika uzazi wao. Amin.