Sindano Yenye Ulimi

Kwa wale mliokuwa mnauliza nimepotelea wapi: nilikuwa Iringa, kwa shangazi. Baridi ya Julai ya kule wanaoijua wanaijua. Shangazi anafuma masweta ya shule kwa mashine ya mkono, ile ndefu ya mezani yenye kigari unachokisukuma kushoto, kulia, kushoto, kulia, na kila ukikisukuma kinalia kraaa kama zipu kubwa. Jioni moja kigari kikakwama. Sindano mojawapo ilikuwa imekatika. Nikadhani basi, kazi imelala, aitwe fundi kutoka mjini, wiki nzima ipotee. Shangazi hata kwenye kigoda hakuinuka. Alichomoa kipande chembamba cha chuma kinachozibana sindano, akaitoa ile mbovu, akachomeka nyingine kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga, akarudisha kipande mahali pake, kraaa, tukaendelea na stori zetu.

Yeye aliendelea, mimi hapana. Nilimwomba ile sindano mbovu.

"Mwanangu, hiyo utaifanyia nini?"

Sikuwa na jibu. Nimerudi nayo Dar ndani ya pochi, na tangu hapo kila nikipata nafasi nasoma historia yake. Leo nawamwagia niliyoyapata. Asiyependa mambo ya vyuma anaruhusiwa kupita kimya kimya.

Kwanza tuwekane sawa. Kiswahili chetu kina neno moja, kufuma, kwa kazi mbili tofauti kabisa. Kitambaa cha khanga kinafumwa kwa nyuzi zinazopishana, mtande na mshindio. Sweta, soksi na hiyo fulana uliyovaa sasa hivi ni habari nyingine: ni uzi unaokunjwa vitanzi, kitanzi kinapita ndani ya kitanzi, safu juu ya safu. Ndiyo maana sweta la zamani ukivuta ncha ya uzi linafumuka lote mpaka unabaki na fundo la uzi mkononi. Vitanzi ndivyo vinavyofanya fulana inyooke na kurudi. Na kitanzi ndicho kilichowatesa mafundi wa Ulaya karibu miaka 300.

Kisa kinaanzia kijiji cha Calverton, Nottinghamshire, Uingereza, mwaka 1589. William Lee, anayesemekana alikuwa kasisi msaidizi, alitengeneza mashine ya kwanza ya kufuma soksi. Kuna hadithi nyingi kuhusu sababu (moja inasema alimpenda msichana ambaye kila akienda kumtembelea anamkuta ameinamia kufuma, hana habari naye), lakini hadithi hizo ziliandikwa baadaye sana na mimi siziamini. Kilicho wazi ni kwamba mashine ilifanya kazi. Mfumaji hodari wa mkono hukadiriwa kufuma vitanzi kama 100 kwa dakika; mashine ya Lee hukadiriwa kufuma 500 hadi 600. Nyumbani hakupata msaada alioutaka, akavuka kwenda Ufaransa chini ya ulinzi wa mfalme Henri IV. Mfalme akauawa mwaka 1610, ulinzi ukafa naye, na Lee mwenyewe akafia huko miaka michache baadaye. Mdogo wake James ndiye aliyerudisha mashine na mafundi Uingereza.

Sasa tuiangalie sindano ya Lee, maana hapo ndipo penye utamu. Ilikuwa waya wa chuma ambao ncha yake imekunjwa na kurudi nyuma, kama ndevu ndefu zinazochezacheza. Sindano zenyewe zilikuwa zimefungwa, hazisogei. Kwa hiyo kila kitu kingine kililazimika kusogea kwa ajili yake. Unalaza uzi juu ya sindano zote. Vibati vyembamba vinashuka katikati ya sindano na kuubonyeza uzi uwe mawimbi. Mawimbi yanasukumwa mbele mpaka chini ya zile ndevu. Kisha unahitaji ubao mzima wa chuma ushuke na kuzikandamiza ndevu zote kwa pamoja ili zifunge, vitanzi vya zamani vipite juu yake na kudondokea upande wa pili. Ubao unainuliwa, ndevu zinafunguka, unaanza upya. Mikono miwili na miguu yote miwili kazini, kama mpiga kinanda wa kanisani. Diderot wa Ufaransa, alipoandika ensaiklopidia yake maarufu katika karne ya 18, aliipa mashine hiyo makala ndefu na michoro, akaihesabu kati ya mashine tata kuliko zote za wakati wake.

Na kila aliyetaka kuiboresha aliiongezea kitu. Mwaka 1759 Jedediah Strutt wa Derby alipata hataza ya kufuma soksi zenye mistari inayonyumbulika, ile mnayoiona kwenye kiwiko cha sweta. Alifanyaje? Aliongeza seti ya pili ya sindano pamoja na vyuma vyake mbele ya seti ya kwanza. Kipaji kikubwa, sikatai. Lakini mashine ikazidi kuwa msitu.

Mtaniuliza, utata wa mashine unatuhusu nini? Unahusu nani anaimiliki. Mashine iliyojaa vyuma vya namna ile ilikuwa ghali. Wafumaji wengi hawakuweza kuinunua. Waliikodi kwa wafanyabiashara wa soksi na kuifungia nyumbani karibu na dirisha. Kodi ilikatwa kwenye ujira kila wiki, na mara nyingi ilikatwa nzima hata wiki ambayo kazi ilikuwa nusu. Fikiria dereva wa daladala anayedaiwa hesabu ya tajiri siku ambayo gari halina abiria. Tena tajiri akiona kodi inalipa kuliko soksi, anasambaza mashine nyingi kuliko kazi iliyopo, kazi kidogo inagawanywa kwa watu wengi, na kila mmoja analipa kodi kamili. Tume ya serikali iliyoongozwa na Richard Muggeridge iliyaandika hayo katika ripoti yake ya mwaka 1845. Mwaka mmoja kabla yake, William Felkin alihesabu mashine hizo akapata 48,482. Kule katikati ya Uingereza walikuwa na msemo: maskini kama mfuma soksi.

Hapa niseme jambo kuhusu wale wavunja mashine, Luddites, ambao jina lao siku hizi limekuwa tusi la kumwita mtu asiyejua kutumia simu. Walianza mwaka 1811 huko huko Nottinghamshire. Mashine walizovunja zilikuwa jamaa za ile mashine ya Lee, iliyokuwa imekaa majumbani mwao zaidi ya karne. Hawakuwa wageni nayo. Ugomvi wao ulikuwa juu ya ujira, na juu ya mtindo wa kufuma kitambaa kipana kisha kukikata na kukishona kuwa soksi mbovu zinazofumuka. Walichagua nyundo imwangukie nani. Bunge likajibu mwaka 1812 kwa sheria ya kunyonga wavunja mashine, na mshairi Lord Byron akatumia hotuba yake ya kwanza katika Bunge la Malabwana kuipinga. Sheria ilipita vilevile.

Turudi kwenye pochi yangu. Sindano ya shangazi haina ndevu. Ina ndoano fupi nchani, na chini ya ndoano kuna ulimi mdogo uliofungwa kwa pini, unaoinuka na kulala kama kifuniko cha birika. Mfaransa aliyeitwa Pierre Jeandeau alichukua hataza ya sindano ya namna hiyo mwaka 1806, lakini hakuna dalili kwamba iliwahi kumfaa mtu. Aliyeifanya ifanye kazi ni Matthew Townsend, mtu wa biashara ya soksi wa Leicester, na hataza yake ni ya mwaka 1849.

Nilipoelewa inavyofanya kazi nilicheka peke yangu mezani. Sindano inapanda: kitanzi cha zamani kilichomo ndani ya ndoano kinausukuma ulimi ufunguke, kinateleza mpaka chini yake. Ndoano sasa iko wazi, inapokea uzi mpya. Sindano inashuka: kitanzi kilekile cha zamani kinauinua ulimi kutoka chini, ulimi unaifunga ndoano, kitanzi kinapita juu yake na kudondoka. Kitanzi kipya kimeingia ndani ya cha zamani. Basi. Ule ubao wa kukandamiza ndevu hauna kazi tena. Anayefungua mlango ni mfumo, anayefunga ni mfumo, na mfumo wenyewe ni uzi! Karne mbili na nusu watu wanaongeza vyuma, na dawa ilikuwa kukiachia kitanzi kijifanyie kazi yake.

Tena sindano hiyo haihitaji kingine chochote ila kupanda na kushuka. Hilo likafungua njia kwa Mmarekani Isaac Wixom Lamb, ambaye naye (sijui kuna nini kati ya makasisi na soksi) alikuwa mchungaji. Mwaka 1863 alipata hataza ya mashine ya bapa: vitanda viwili vya chuma vinavyoegemeana kama paa la nyumba, kila kimoja kina mifereji, kila mfereji una sindano yake yenye kisigino kilichochomoza juu. Juu yake kinapita kigari. Tumboni mwa kigari kuna njia iliyopinda, kisigino kikiingia njia hiyo kinalazimika kupanda kilima na kuteremka, na sindano inakwenda nacho. Moja baada ya nyingine, kraaa. Sauti niliyokuwa naisikia Iringa ni visigino vinapanda kilima cha mchungaji Lamb.

Kwa sababu kila sindano inatembea peke yake, ukitaka sweta liwe jembamba begani unazipumzisha sindano za pembeni. Ukitaka lipanuke unaziamsha. Na ikikatika moja, unaitoa hiyo moja. Miguu haina kazi. Mashine za Lamb ziliuzwa kwa kaya na karakana ndogo kutoka Chicopee Falls, Massachusetts. Mswisi Henri-Edouard Dubied aliiona kwenye Maonyesho ya Paris ya mwaka 1867, akanunua haki zake, akaanza kuzitengeneza Couvet, na jina Dubied likaishi kwenye mashine za kufuma kwa zaidi ya miaka 100.

Nisiwadanganye lakini kwamba kila kitu kikawa chepesi. Utata ulihama. Kutengeneza ule ulimi, kuupasulia nafasi ndani ya waya mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, kuutia pini, na kuhakikisha haukwangui uzi, ni kazi ngumu kuliko kukunja ndevu. Ikazaliwa biashara nzima ya watu wasiotengeneza kingine ila sindano. Jina kubwa kuliko yote leo, Groz-Beckert la Ujerumani, lina mzizi wake kwa Theodor Groz aliyeanza mwaka 1852. Sindano ya ndevu nayo haikufa. William Cotton wa Loughborough aliitumia kwenye mashine yake kubwa ya mwaka 1864, na kwa nyuzi laini sana ndevu ziliendelea kutawala mpaka karne ya 20.

Na wale waliokuwa wakilipa kodi? Sheria iliyofuta kodi ya mashine ilikuja mwaka 1874, wakati kazi ilikuwa inahamia viwandani. Hapa ndipo ninapokwama kumshangilia Townsend moja kwa moja. Kitu rahisi kinachomfaa mama mmoja mezani kwake kinalifaa gurudumu la mvuke pia. Zipange sindano zenye ulimi kwenye duara badala ya mstari, zungusha, unapata bomba la kitambaa lisilo na mwisho. Fulana yako imetoka humo: mashine ya kawaida ya duara ya inchi 30 yenye sindano 28 kwa inchi ina sindano 2,640, na mtu mmoja anaweza kusimamia kadhaa. Japani, Masahiro Shima wa Wakayama, aliyeanzisha Shima Seiki mwaka 1962 na kuanza na glavu, alionyesha mwaka 1995 mashine inayotoa sweta zima bila mshono hata mmoja. Shangazi nilipomsimulia hiyo alisimamisha kigari. Akauliza inagharimu kiasi gani. Nikamtajia makisio yangu. Akasema "haya", akasukuma.

Yake aliinunua kwa fedha zake, ikiwa imeshatumika, na hakuna anayemdai kwayo. Shida yake ni sindano. Kampuni iliyotengeneza mashine ile iliacha kutengeneza mashine za nyumbani zamani. Kwenye kopo la maziwa zilibaki 14, nilizihesabu mimi, na msimu wa masweta ya Januari bado haujaanza. Kwa hiyo kumbe ile sindano mbovu ilikuwa na kazi: nimeipiga picha pembeni ya rula, nimezunguka nayo Kariakoo siku mbili, nimetafuta kwenye intaneti mpaka usiku wa manane.

Jana nimepata muuzaji mwenye za aina nyingine, unene uleule, ulimi uleule, ila kisigino kimezidi urefu kama milimita moja. Nikampigia kumwambia hazitafaa.

"Wewe zitume hivyohivyo," akasema. "Tupa ninayo."