Mazda MX-5 katika mbio za ridhaa: kulitunza gari la mashindano kwa mfuko mdogo

Mbio za klabu ni mashindano ya magari yanayoandaliwa na vyama vya wapenzi wa mchezo huo, ambamo dereva ndiye mwenye gari, ndiye mlipaji na mara nyingi ndiye fundi. Uingereza, chama kiitwacho 750 Motor Club kilianza mwaka 1939 kwa ajili ya wamiliki wa Austin 7, gari dogo la injini ya sentimita za ujazo 747; Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alipitia humo. Marekani iko SCCA, iliyoundwa mwaka 1944, na NASA ya mwaka 1991, ambayo haina uhusiano wowote na wale wa roketi. Mshindi hurudi nyumbani na kikombe, pengine na seti ya matairi, na deni lake liko palepale.

Kati ya magari yanayojaa katika viwanja hivyo, Mazda MX-5 ndilo linalofaa kuelezewa kwanza. Lilizinduliwa kwenye maonyesho ya Chicago Februari 1989, na kufikia Aprili 2016 kiwanda kilikuwa kimetengeneza milioni moja. Wingi huo ndio siri ya kwanza ya unafuu wake, maana vipuri viko kila mahali. Gari lenyewe ni jepesi, chini ya tani moja likitoka dukani. Injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na kila gurudumu limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, kama magari ya mbio ya kweli. Injini ya kwanza, ya lita 1.6, ilitoa nguvu farasi 116 na ni ndugu wa ile ya Mazda 323, gari ambalo fundi wa Gikomba au Kariakoo hahitaji kitabu kulifungua.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wamarekani waliliundia MX-5 daraja lake, Spec Miata, na mwaka 2006 SCCA ikaliingiza katika mashindano yake ya kitaifa. Katika daraja hilo matairi ni ya aina moja kwa wote, springi na shokapu ni zilezile, injini hubaki karibu na ilivyotoka kiwandani, na gari hupimwa uzito pamoja na dereva wake. Kanuni za namna hii hulinda mfuko kuliko ujanja wowote wa gereji. Mahali ambapo sheria imeacha mlango wazi, mwenye pesa huingia nao. Mashindano ya 24 Hours of Lemons, yaliyoanza mwaka 2006, yalikwenda mbali zaidi kwa kudai gari lisizidi thamani ya dola 500. Lakini vifaa vya usalama, breki na matairi havihesabiwi katika hizo dola 500. Waandaaji walijua pesa halisi inakwenda wapi.

Inakwenda kwenye joto. Gari la barabarani huzeeka kwa kilomita. La mbio huzeeka kwa moto linaoupata na kuupoteza. Wikendi moja ya mbio za klabu ni kama saa mbili tu za kuzunguka uwanja, umbali ambao dereva wa teksi angeumaliza kabla ya chakula cha mchana, ila kwa saa hizo mbili kila kitu kimefika ukingoni mwa uwezo wake. Kwa hiyo mwenye mfuko mdogo aanze kujiuliza joto linazaliwa wapi na linatokea wapi. Nguvu za kuongeza zisubiri.

Kununua

Hapa hakuna mengi. Gari lililokwisha kutengenezwa kwa mbio ni rahisi kuliko kulitengeneza mwenyewe, kwa sababu kizimba cha mabomba, kiti, mikanda na kizima moto mtu wa kwanza amekwisha kuvilipia, na hatazipata tena fedha hizo. Magari ya SCCA yana daftari ambalo wakaguzi huandika ajali na kasoro, na mnunuzi alisome kabla hata ya kuwasha injini. Kwa MX-5 za mwaka 1990 na mwanzo wa 1991 aangalie pua ya kranki: matoleo hayo yalikuwa na pua fupi, na bolti ya puli ikilegea, njia ya ufunguo hutanuka hadi kranki nzima kuharibika. Rangi iliyochubuka isimsumbue mtu. Itachubuka zaidi.

Breki

Tuchukue gari la kilo 1,050 pamoja na dereva, linalopunguza mwendo kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 80 kabla ya kona. Nishati inayotakiwa kuondoka ni takriban kilojuli 780, ambayo ingetosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji ya bomba. Breki huimeza karibu yote kwa sekunde mbili au tatu. Uwanja ukiwa na kona nne za namna hiyo, birika hilo linachemshwa mara nne kila mzunguko, kwa nusu saa.

Kitu cha kwanza kushindwa huwa mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na maji hushusha kiwango cha kuchemka. Kiwango cha DOT 4 kinadai mafuta mapya yastahimili nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kinachodaiwa ni nyuzi 155 tu; DOT 3 ni 205 na 140. Yakichemka, mapovu hujaa kwenye bomba, na povu, tofauti na mafuta, hubanwa. Dereva anakanyaga, pedali inakwenda hadi chini, na kona iko palepale. Mafuta ya mbio huvuka nyuzi 300 yakiwa mapya, na chupa yake ni bei ndogo sana ukilinganisha na pua ya gari. Basi hutolewa upepo kwenye breki kabla ya kila wikendi, bila mjadala, na chupa iliyofunguliwa mwezi uliopita isirudishwe kazini.

Katika pedi usibane matumizi. Nunua za mbio. Katika diski unaweza kubana, na hata ni vizuri kubana. Diski za kawaida zisizotobolewa, zile za bei ya chini kabisa, hudumu kuliko za matundu zinazopendeza machoni, kwa sababu ufa huanzia kwenye tundu. Nyufa nyembamba kama unywele juu ya uso wa diski si habari. Ufa uliofika ukingoni ni mwisho wa diski hiyo. Bomba la mpira linaloleta hewa kutoka bampa ya mbele hadi katikati ya diski, likifungwa kwa waya na uvumilivu, hurefusha maisha ya kila kilichotajwa hapa.

Halafu iko tabia isiyogharimu hata senti. Mzunguko wa mwisho uendeshwe polepole ili upepo upoze, na gari likiegeshwa, breki ya mkono isivutwe. Katika MX-5 breki hiyo hubana pedi za nyuma juu ya diski inayowaka, na joto hulipata sehemu moja tu. Weka kipande cha mbao chini ya gurudumu.

Joto la diski haliishii kwenye diski. Linapita hadi kwenye beringi za magurudumu ya mbele na kupika grisi iliyo ndani. Huu ndio udhaifu unaojulikana wa MX-5 uwanjani, na dalili yake ya mapema watu huidhania kuwa ya breki: baada ya kona kali, pedali inakuwa ndefu mara ya kwanza na nzuri mara ya pili. Beringi imelegea, diski inacheza, nayo inazisukuma pedi nyuma. Shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, beringi ibadilishwe leo. Anayengoja hadi ingurume anaweza kuliona gurudumu lake likimpita.

Matairi

Petroli haitamfilisi mtu, matairi yatamfilisi. Tairi la mbio, kwa Spec Miata la ukubwa wa 205/50 wa rimu ya inchi 15, lina mpira laini unaobadilika kila unapopata moto na kupoa. Baada ya mara kadhaa hukauka, na ingawa nyuzi hazijaonekana, kasi imekwisha kuondoka. Wanaogombea nafasi za mbele huyatupa hapo. Sisi wa mitumba tunajua la kufanya: tairi ambalo bingwa halitaki tena ni zuri sana kwa mazoezi, na mara nyingi hupatikana kwa bei ya kulibeba. Mapya yatunzwe kwa siku ya kupanga nafasi na mbio zenyewe.

Upepo hupimwa gari likitoka uwanjani, matairi yakiwa bado moto, kwa sababu kipimo cha asubuhi hakimwambii mtu chochote kuhusu mzunguko wa kumi. Magurudumu ya mbele huinamishwa ndani kwa juu, kama nyuzi 3, ili kwenye kona tairi likanyage kwa upana wake wote. Bila hivyo ukingo wa nje huliwa katika wikendi moja huku sehemu nyingine ikibaki mpya. Mashine ya kupangia magurudumu haihitajiki. Uzi uliovutwa sambamba na gari pande zote mbili, rula ya chuma na sakafu iliyo sawa vinatosha, na kazi ni ya jioni moja.

Maji na oili

Injini ya MX-5 ilirithiwa kutoka gari ambalo injini hulala kwa upana. Ilipogeuzwa kutazama mbele, tokeo la maji lililokuwa nyuma ya hedi lingegonga ukuta wa gari, likahamishiwa mbele. Matokeo yake maji huingia na kutoka upande uleule, na silinda za nyuma hupata maji kidogo kuliko zinavyostahili. Mtaani hakuna atakayegundua. Uwanjani, gasketi ya hedi inagundua.

Ulinzi uko kwenye rejeta. Ile ya kiwandani ina vichwa vya plastiki nyeusi. Ikianza kugeuka kahawia, plastiki imezeeka na itapasuka, kwa kawaida kwenye mbio na si gereji. Nafasi zilizo kati ya rejeta na bodi zizibwe kwa sponji ngumu, kwani hewa, kama maji, hufuata njia rahisi, na ikipata upenyo pembeni haitahangaika kupita katikati ya rejeta. Viwanja vingi hukataza kipozeo cha glaikoli kwa sababu kikimwagika lami huwa kama sabuni, hivyo ndani huwekwa maji matupu na dawa kidogo ya kuzuia kutu.

Oili hubadilishwa baada ya wikendi moja au mbili. Ikishamwagwa, filta ikatwe na karatasi yake itandazwe juani: vumbi la kijivu ni uzee, vipande vinavyong'aa ni beringi za kranki zinaaga. Geji ya presha ya oili katika MX-5 za kuanzia 1995 haipimi chochote. Ni swichi iliyovalishwa mshale, na mshale huo hukaa katikati hadi dakika ya msiba. Geji halisi ni kati ya vitu vya kwanza kununua.

Kuhusu nguvu, sioni sababu ya dereva wa katikati ya msafara kulipa fundi bingwa ili apate farasi wawili watatu. Injini nzima kutoka gari lililogongwa, iliyopimwa mgandamizo silinda zote nne, itampeleka palepale, na ikifa hatalia sana. Mkanda wa taiming ukikatika katika injini ya 1.6 au zile za 1.8 za mwanzo, pistoni hazigongi valvu: mbio zinaisha, injini inabaki.

Vitu vinavyokufa kwa kalenda

Mikanda ya usalama, kiti na helmeti havingoji joto. Mikanda yenye cheti cha SFI huhesabiwa miaka 2 tangu kutengenezwa, ya FIA miaka 5, hata kama imekaa kabatini. Kwa hiyo ya FIA, iliyo ghali dukani, huwa rahisi kwa mwaka. Shirika la Snell hutoa kiwango kipya cha helmeti kila baada ya miaka 5, na zile za viwango vya zamani hatimaye hukataliwa mlangoni. Kifaa cha HANS, kinachozuia kichwa kurushwa mbele gari linapogonga, kilibuniwa na Profesa Robert Hubbard pamoja na shemeji yake, dereva Jim Downing. Hapa mtumba ni marufuku, na mikanda ya mtu usiyemjua hasa.

Daftari na sanduku

Saa za uwanjani ziandikwe kwa kila kitu: beringi hizi saa ngapi, diski hizi wikendi ngapi. Baada ya msimu mmoja daftari litaanza kumwambia mwenyewe kitu kipi kinakaribia kufa. Nati za magurudumu hukazwa kwa spana ya torki kati ya niutoni mita 90 na 118 kila mara kabla ya kuingia uwanjani, na bolti nyingine hupigwa mstari wa rangi ili iliyozunguka ionekane kwa jicho. Sanduku la safari liwe na beringi ya mbele moja na kitovu chake, mipira ya maji, mikanda ya altaneta, waya za plagi, na silinda ya chini ya klachi, kidude cha bei ndogo ambacho MX-5 hukivujisha bila kuaga. Kinachokosekana huazimwa. Jumamosi jioni mpinzani atakuazima hata jeki na mikono yake, kwa sababu kesho anataka mtu wa kumpita.

Baridi ikikaribia na msimu kufungwa, gari hulazwa gerejini. Yale maji matupu yaliyoiokoa injini mwaka mzima sasa yanaweza kuganda, kutanuka na kuipasua bloku ikiwa imelala, kwa hiyo hufunguliwa bomba la chini la rejeta, na plagi ya kwenye bloku pia, hadi litone tone la mwisho.