Kifungu 2A na ujanja wa kupachika kitu katikati bila kuvuruga mtaa mzima

Kila Mkenya aliyesoma historia shuleni amesikia Kifungu 2A. Juni 1982 Bunge lilikiingiza kwenye Katiba, KANU ikawa chama pekee kisheria. Desemba 1991 kikatolewa, vyama vingi vikarudi. Siasa yake tunaijua. Leo nataka muangalie jina tu. Kwa nini 2A?

Ni kwa sababu 2 na 3 zilikuwa tayari na wenyewe. Ukikiita kipya 3, ile 3 ya zamani inakuwa 4, 4 inakuwa 5, na kila hukumu iliyotaja nambari hizo inaanza kudanganya. Kwa hivyo unaongeza herufi na hakuna anayehama.

Sasa skizeni. Shida hiyohiyo iliwatoa jasho watu wa databesi za XML kwa miaka.

Faharasa unaijua: ile orodha ya nyuma ya kitabu inayokwambia neno liko ukurasa gani. Databesi nayo inayo, ndiyo maana haisomi kila kitu ukitafuta jina moja. Lakini faharasa si ya bure. Kila data ikibadilika, lazima nayo irekebishwe. Mimi huiita deni: unalipa kila ukiandika, ndio usome haraka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Rudolf Bayer na Edward McCreight wakiwa Boeing walipata njia ya kulipa deni hilo polepole. Faharasa yao, B-tree, huacha nafasi kwenye kurasa zake. Ukurasa ukijaa, unagawanywa mara mbili na jirani wengi hawaguswi. Databesi kibao bado zinatumia wazo hilo.

Halafu XML ikaja, ikapitishwa rasmi na W3C Februari 1998. XML si jedwali, ni mti: sheria ina sehemu, sehemu ina vifungu, kifungu kina aya, na mpangilio lazima ubaki vilevile. Kila tawi likapewa nambari, na faharasa zikashika nambari hizo.

Hapo ndipo kulichacha. eXist, databesi iliyoanzishwa na Wolfgang Meier mwaka 2000, mwanzoni ilihesabu matawi ngazi kwa ngazi. Kusoma kulikuwa fasta. Lakini pachika aya moja katikati, nambari za majirani zinahama, na faharasa zilizozishika zinajengwa upya. Baadaye ikahamia nambari za mtindo wa maktaba ya Dewey, kama 1.2.3, ambazo unaweza kuzirefusha bila kusumbua wengine.

Mwaka 2004, Patrick O'Neil, Elizabeth O'Neil na wenzao wakaeleza ORDPATH, iliyoingia kwenye SQL Server 2005. Mwanzoni unatumia nambari witiri peke yake: 1.1, 1.3, 1.5. Shufwa zinabaki akiba. Kikija kitu kati ya 1.3 na 1.5, kinaitwa 1.4.1. Manze, hiyo si 2A kabisa? Waandishi wa sheria walikuwa wameijua zamani.

Lakini nambari nzuri hazifuti deni. Ukiweka faharasa kumi, kila badiliko linaweza kukulipisha mara kumi. BaseX ilichagua njia ninayoiheshimu: kwa kawaida, ukishabadilisha data, faharasa zake za maandishi huhesabiwa zimepitwa na wakati. Haizitumii mpaka uzijenge upya, ama uwe umewasha mpangilio wa kuzisasisha kila mara. Utafutaji unakuwa polepole, lakini jibu ni la kweli.

Na hii si story ya Ulaya na Marekani peke yake. Akoma Ntoso, muundo wa XML wa sheria na kumbukumbu za bunge, ulizaliwa katika mradi wa Umoja wa Mataifa wa kusaidia mabunge ya Afrika, na leo sheria za Kenya zinasomwa mtandaoni kwa mfumo huo. Sheria hubadilika: kifungu kinaongezwa, kingine kinafutwa. Fikiria faharasa ya mfumo wa aina hiyo ikibaki nyuma. Mpangaji anatafuta haki yake usiku wa kuamkia kufukuzwa, anapewa kifungu kilichofutwa. Jibu limekuja haraka, na limempoteza.

Ndio maana nawaambia nyinyi mnaojifunza kuunda app: acheni kumwaga faharasa kila mahali mkidhani ni mbio za bure. Jiulize kwanza data yako inabadilika mara ngapi. Kama ni kila dakika, weka chache, zile watu wanatafuta kweli. Na ikibidi kuchagua kati ya jibu la fasta na jibu sahihi, mimi nitangoja.

Wewe ungechagua lipi? Niambie hapo chini.