Shahamu Huzalisha, Figo Huondoa: Historia Fupi ya Homoni za Shahamu katika Damu

Makala haya yanafuatilia jinsi elimu ya tiba ilivyofikia kuhusisha utendaji wa figo na homoni zitokazo katika shahamu, yaani tishu ya mafuta mwilini. Hoja yake ni ya kihistoria, ila matokeo yake ni ya kiisimu: kiwango cha homoni katika damu hutegemea uzalishaji na uondoaji, na Kiswahili cha afya hakina budi kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Neno homoni lilianza kutumiwa na Ernest Starling jijini London mwaka 1905, kutokana na kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kuchochea. Wakati huo shahamu ilihesabiwa kuwa ghala la nishati tu, na dhana hiyo ilidumu kwa miongo mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Douglas Coleman wa Maabara ya Jackson, Marekani, aliunganisha mizunguko ya damu ya panya. Panya mwenye unene wa kurithi alipounganishwa na panya wa kawaida, alipunguza kula. Coleman alihitimisha kwamba damu hubeba ishara ya shibe ambayo panya yule mnene aliikosa. Mwaka 1994 kundi la Jeffrey Friedman katika Chuo Kikuu cha Rockefeller lilitambua jeni husika. Protini yake iliitwa leptini, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya wembamba. Ghala likawa tezi.

Swali lililofuata lilikuwa hili: homoni hiyo huishia wapi? Leptini ni protini ndogo. Huchujwa na figo, kisha huvunjwavunjwa katika mirija yake. Kufikia mwaka 1997 ilikwisha kubainika kwamba wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine huwa na leptini nyingi kuliko watu wenye figo nzima na unene uleule. Kwa hiyo, wingi wa shahamu peke yake haukutosha kuieleza ziada hiyo. Figo zilikuwa zimepungukiwa na uwezo wa kuiondoa.

Adiponektini, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1995, ilitatiza zaidi. Mwaka 1999 watafiti wa Osaka, Japani, walionesha kwamba hupungua kwa watu wanene, hivyo wingi wake ukaonekana kuwa heri. Lakini figo zinapodhoofu, nayo hupanda. Mwaka 2002 Carmine Zoccali na wenzake nchini Italia waliripoti kwamba wagonjwa waliosafishwa damu walikuwa na kiwango kinachozidi mara 2 kile cha watu wenye afya. Hata hivyo, miongoni mwa wagonjwa hao, wenye kiwango cha juu walipatwa na matukio machache ya maradhi ya moyo na mishipa. Mwaka 2006 utafiti wa Marekani, uliohusu wagonjwa wa figo ambao hawakuwa wamefikia hatua ya mashine, ulihusisha kiwango cha juu na vifo vingi zaidi. Tarakimu moja, basi, ilibeba maana zinazokinzana.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kitenzi *kutoa* humaanisha kuzalisha na kuachilia. Humaanisha pia kuondosha. Sentensi "shahamu hutoa leptini" na "figo hutoa leptini" zote ni sahihi kisarufi, ilhali zinataja kazi zilizo kinyume. Msomaji wa kijarida cha afya aweza kudhani kuwa figo ndiyo chanzo cha homoni, au kwamba kila kiwango cha juu ni kosa la unene wake. Mgonjwa wa figo anayeshauriwa kwa dhana hiyo ya pili huenda akajinyima chakula pasipo sababu.

Tunapendekeza, kwa hiyo, kwamba waandaaji wa istilahi na miongozo ya afya katika kanda yetu watumie *kuzalisha* kwa kazi ya shahamu na *kuondoa* kwa kazi ya figo, na kwamba kiwango cha homoni hizi kisitajwe bila kutaja hali ya figo. Sayansi ilihitaji miongo kadhaa kuitambua tofauti hiyo. Kiswahili kina maneno ya kuihifadhi tangu zamani.