Mji Mkongwe: Ijue Nyumba Kabla ya Kuitafutia Fedha

Ukitaka kujua nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar inaumwa wapi, usitazame mlango wake wa nakshi. Inua macho pale ncha ya boriti inapoingia ukutani. Paa likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta wa mawe na chokaa, boriti ikaanza kuoza kwenye ncha, dari ikalegea, na masika moja ghorofa ikaporomoka.

Nyumba nyingi zilidhoofika hivyo baada ya Mapinduzi ya 1964. Wenyewe walikuwa wameondoka, serikali ikazitaifisha, familia kadhaa zikagawana nyumba moja kwa kodi isiyotosha hata kuziba paa.

Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, yenye dhamana kubwa na mfuko mdogo. Hatua iliyofungua njia ilikuwa kuhesabu. Kuanzia 1992, mamlaka na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni walikagua majengo 1,709, moja baada ya jingine. Takriban robo tatu yalikuwa yakichakaa. Mpango wa uhifadhi ukakamilika 1994: sasa ilijulikana majengo yapi yapo, yana hali gani na kazi ianzie wapi.

Aliye na orodha hiyo mkononi huomba fedha kwa hoja. Katika miaka hiyohiyo, Zahanati ya Kale, iliyowekewa jiwe la msingi 1887 kwa fedha za tajiri Tharia Topan, ilirudishiwa roshani zake za mbao zilizochongwa. Jengo la zamani la simu likawa hoteli. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji katika Urithi wa Dunia, na 2009 bustani ya Forodhani ikafunguliwa upya.

Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katikati ya ukarabati uliofadhiliwa na Oman. Mafundi wawili walifariki. Fedha ilikuwapo, na bado msiba ukatokea.

Fedha peke yake haitoshi, ndiyo maana ukaguzi wa 1992 haufai kubaki kabatini. Ukuta wa chokaa hupumua. Ukiuvika saruji, unyevu hunaswa ndani. Fundi anayelijua hilo apewe ujira na ngazi, apande juu kila mwaka kabla ya masika, aikague ile ncha ya boriti.