Vumbi la Wenela

Babu alirudi Rungwe na sanduku la bati na kikohozi. Sanduku tukawekea madaftari ya shule. Kikohozi, majirani walisema karogwa. Wengine, kwa kunong'ona, wakasema kifua kikuu. Bibi alimchemshia majani ya mkaratusi mpaka akachoka.

Alikuwa amekwenda Wenela. Ndivyo wazee walivyoliita shirika lililoandikisha vijana kwa machimbo ya dhahabu ya Afrika Kusini, hata safari yenyewe ikachukua jina hilo: ukiuliza fulani yuko wapi, unajibiwa yuko Wenela, yamekwisha. Mkataba ukiisha mtu anarudi na blanketi na fedha za mahari. Nani angemuuliza habari za mapafu? Mwamba wa dhahabu ukitobolewa hutoa vumbi laini la mawe, jingine hata jicho halilioni. Hilo ndilo linalofika chini kabisa na kuyatia mapafu makovu, na aliyepata makovu hayo kifua kikuu humpata kirahisi. Lakini mara nyingi pumzi huanza kubana baada ya miaka mingi, mtu yuko kwenye migomba yake, mbali na daktari yeyote wa mgodi.

Wenye nchi walijua. Tangu miaka ya 1910 Afrika Kusini ilikuwa na sheria ya kuwafidia wachimbaji waliougua vumbi. Mzungu alipata pensheni. Mwafrika, akibahatika kupimwa, alipewa fedha kidogo mara moja, kwaheri. Ubaguzi huo ulikaa sheriani hadi 1993. Nimefundisha historia miaka mingi bila kulijua hilo, na linaniudhi.

Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mchimbaji Thembekile Mankayi alikuwa na haki ya kumshtaki mwajiri wake. Alikuwa amefariki siku chache kabla ya hukumu. Njia ikafunguka hata hivyo: 2018 kampuni sita zikakubali kuwalipa wagonjwa na familia za waliokufa, na 2019 mahakama ikaidhinisha. Makadirio yalikuwa rand bilioni 5.

Nikasoma masharti. Mchimbaji awe amefanya kazi katika migodi iliyotajwa baada ya tarehe 12 Machi 1965. Tanganyika ilijitawala 1961, na serikali ya Nyerere haikukawia kuifungia Wenela mlango.

Karatasi ya mkataba wa babu bado imo sandukuni, chini ya madaftari. Imeandikwa 1957.